Madafu Mangapi? Yatwange, Usibahatishe

SWALI: Mwanangu wa kidato cha pili anasoma hisabati za kale za India. Mwalimu amewapa swali la madafu: yakipangwa mafungu ya 23 yanabaki 7, ya 17 yanabaki 4. Ni mangapi? Tumebahatisha jioni nzima. Kisha akajaribu mafungu ya 24 na 18 kwa mabaki yayo hayo, akakosa kabisa. Kuna njia?
Mama Mzazi, Kisauni, Mombasa

JIBU: Ipo, mama, na ina zaidi ya miaka 1,500. Aryabhata, mwanahisabati wa India, aliieleza mwaka 499 kwa beti fupi mno. Bhaskara wa Kwanza akaifafanua kwa mifano mingi mwaka 629. Kwa Kisanskriti huitwa kuttaka, yaani kutwanga, na jina limesadifu: namba kubwa zinatiwa kinuni mpaka zibaki chenga.

Idadi ya mafungu ya 23 iite x, ya mafungu ya 17 iite y. Madafu ni yale yale, basi 23x + 7 = 17y + 4, yaani 17y = 23x + 3. Angalieni hiyo alama ya kujumlisha. Anayeandika 23x − 3 atapata 214, ambayo ikigawanywa kwa 17 hubakisha 10, si 4.

Sasa twangeni. 17 imo ndani ya 23 mara moja, inabaki 6: y = x + z (z ni namba nzima mpya, na w itakayofuata vilevile), na 17z = 6x + 3. Geuzeni: 6x = 17z − 3. 6 imo ndani ya 17 mara mbili, inabaki 5: x = 2z + w, na 6w = 5z − 3. Geuzeni tena: 5z = 6w + 3, kwa hiyo z = w + (w + 3)/5. Hapa chenga zimelainika. w ndogo kabisa inayofanya (w + 3) igawanyike kwa 5 ni 2. Mkirudi nyuma, z ni 3, x ni 8, y ni 11. Madafu ni 23 × 8 + 7 = 191, na 17 × 11 + 4 ni 191 vilevile.

Mkichukua w kuwa 7 hamjakosea, mtapata 582. Majibu hayana mwisho, yanapishana kwa 391, yaani 23 × 17. Ndiyo maana swali zuri husema "idadi ndogo kabisa", au hutaja kwamba mkokoteni haubebi zaidi ya 300.

Lile la 24 na 18 halina jibu, mtoto hakushindwa. 24x na 18y zote hugawanyika kwa 6, hivyo tofauti yake pia, na tofauti ya mabaki, 7 − 4 = 3, haigawanyiki kwa 6. Pimeni hilo kabla ya kuanza kutwanga. Mabaki yangekuwa 10 na 4, tofauti ingekuwa 6: gawanyeni kila kitu kwa 6, mpate 3y = 4x + 1, madafu 58. Jibu linalofuata ni 130, kwa kuwa hapo nyongeza ni 72, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 24 na kwa 18, si 24 × 18 = 432.