Nikiwasha AC gari inanuka soksi mbichi, nifanyeje?

Tangu masika ichanganye, maswali yanayoingia kwenye safu hii karibu yote ni ya harufu ndani ya gari, na nafurahi mmeuliza kwa sababu hili jambo wengi wanalimaliza kwa kununua kile kimti cha kuning'iniza kwenye kioo wanaona wameshatibu. Nimechukua manne. La kwanza nimelijibu kwa urefu maana nyie wengi mmeuliza hilo hilo kwa maneno tofauti.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Noah nafanyia kazi ya kupokea wageni uwanja wa ndege wa KIA nawaleta Arusha mjini, mara nyingine nawapeleka Moshi wale wa kupanda mlima. Shida yangu asubuhi nikiwasha AC, dakika mbili tatu za kwanza inatoka harufu ya soksi mbichi, kama nguo umeloweka ukaisahau kwenye beseni, afu inapungua. Juzi mgeni mmoja mama mtu mzima alifunga pua kwa mtandio kutoka KIA mpaka Usa River, niliona aibu sana. Nimeweka pafyumu mbili tofauti, nimeosha viti, nimejaza gesi kama fundi alivyonishauri, bado iko pale pale. (Dereva, Sakina)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole, najua kazi ya wageni mtu akishuka kwenye gari yako na kumbukumbu mbaya hakuiti tena.

Tuanze na hiyo gesi. Gesi ya AC inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, haikutani kabisa na hewa unayovuta, kwahiyo harufu ya uvundo haiwezi kuondoka kwa kujaza gesi hata ukijaza kila wiki. Afu gesi haiishi kama mafuta, ikipungua maana yake kuna mahali inavuja na panatakiwa patafutwe pazibwe kwanza. Hela uliyotoa hapo imeenda bure na inaniuma, kwa sababu napata barua za namna hii kila mwezi.

Harufu yako inatoka kwenye evaporeta. Hiki ni kitu kama radieta ndogo, kimejificha nyuma ya dashibodi, kwenye gari nyingi upande wa abiria wa mbele, kina vibati vyembamba vya aluminiamu vimepangwa karibu karibu kama meno ya kitana. Gesi inavipoza, feni inasukuma hewa ipite katikati, wewe unapata baridi. Sasa chukua soda ya baridi uiweke mezani pale Moshi saa saba mchana, hata hujaifungua chupa imeshatoka jasho. Evaporeta nayo inatoka jasho hivyo hivyo, jasho linadondokea kwenye kisahani chini yake, linapita kwenye kimpira linamwagika nje. Yale maji unayoyakuta chini ya gari ukipaki ndo hayo, usiogope, ni dalili nzuri.

Shida inaanza ukizima gari. Evaporeta inabaki imelowa, iko gizani, joto la injini linaifikia taratibu, na kwenye vile vibati kuna vumbi la barabarani limegandia. Fangasi na bakteria hawataki kingine zaidi ya hapo. Wanazaliana usiku kucha, asubuhi ukiwasha feni unapuliziwa usoni, afu maji mapya yakianza kutiririka na baridi ikiingia harufu inashuka, ndo maana unaipata mwanzoni tu.

Wiki iliyopita nilifungua gari ya mama mmoja wa hapa Arusha, gari inalala chini ya mjakaranda. Nikashusha droo ya dashibodi, nikavuta filta ya hewa ya ndani, ikaja nzito kama andazi lililodondokea kwenye chai. Ilitakiwa iwe nyeupe, ilikuwa rangi ya udongo, kwenye mikunjo kuna maua yameoza yamekuwa ute mweusi, maganda ya karanga, na vipande vya sponji ya godoro, kumbe panya alishaanza kujenga. Mama amesimama pembeni kashika mkoba wake, akasema kwa sauti ndogo kwamba mtoto wake wa mwisho ana pumu na akipanda gari asubuhi kwenda shule lazima akohoe. Mimi sio daktari, siwezi kusema kikohozi cha mtoto kimetoka kwenye ile filta, ila kwamba fangasi inaamsha pumu hilo linajulikana, na yule mtoto anaivuta asubuhi na jioni. Nilimwambia ampeleke hospitali na gari nayo itibiwe, vyote viwili.

Kwahiyo wewe anza na filta. Toyota nyingi iko nyuma ya droo ya dashibodi, unatoa vitu vyote, unaminya kuta za droo kwa ndani inashuka, unakuta kifuniko cha plastiki chembamba, unabana pembeni kinatoka, filta unaivuta kama droo ya meza. Usishangae ukikuta hamna kitu, kuna gari zinatoka Japani sehemu ya filta ipo tupu, watu wanaendesha miaka vumbi lote linaenda moja kwa moja kwenye evaporeta. Ikiwepo na ni chafu, nunua mpya. Usiifue, na usiridhike na kuipuliza kwa upepo wa kompresa, ile ni karatasi, vumbi la juu linaruka lile la ndani linabaki na inaweza kuchanika. Zipo zenye mkaa ndani, bei iko juu kidogo ila zinasaidia kwenye harufu, kwa gari ya wageni ningekushauri hiyo. Angalia mshale wa hewa wakati wa kurudisha, watu wengi wanaigeuza. Miongozo mingi inasema mwaka mmoja au km 15,000 hivi, lakini aliyeandika hivyo hajapita njia zetu za vumbi, wewe kila ukimwaga oili fungua uiangalie, inachukua dakika tano.

Filta mpya peke yake haitaua fangasi waliokwisha kaa. Kuna spreyi za povu za kusafishia evaporeta zinauzwa maduka ya spea, ina mrija mrefu, unaingiza pale filta ilipotoka au kwa chini kwenye ule mpira wa maji, injini imezimwa, unajaza povu, unaacha muda ulioandikwa kwenye kopo, linayeyuka linashuka na uchafu. Weka kibeseni chini uone mwenyewe rangi ya maji yatakayotoka, mara ya kwanza huwa yanafanana na maji ya kuoshea deki ya bucha. Baadae fungua milango yote, AC imezimwa, washa hita mpaka mwisho na feni mpaka mwisho dakika kumi au kumi na tano pakauke. Kama gari haijawahi kusafishwa miaka kumi inawezekana povu lisitoshe na ikabidi dashibodi ifunguliwe evaporeta itolewe ioshwe, hiyo mpe fundi wa AC mwenyewe, sio kila fundi.

Naomba sana, msimwage jiki humo. Nimesikia watu wanashauriana. Jiki inakula aluminiamu, evaporeta ikitoboka ndo unaanza kununua gesi kweli, na mvuke wake mtaukalia nyie. Na mtu akichanganya jiki na siki anatengeneza gesi ya sumu, hapo sio utani kabisa.

Baada ya hapo kinachobaki ni tabia, na hii ndo dawa yenyewe maana haigharimu kitu. Usizime AC pamoja na gari. Ukitoka KIA kuja Arusha, ukikaribia mjini pale kwa Philips bonyeza kitufe cha AC kizime, feni iache inapuliza mpaka unapofika hotelini. Ukienda Moshi, ukivuka mto Weruweru fanya hivyo hivyo. Ule upepo unakausha evaporeta kabla hujapaki. Pia kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani, kitumie kwenye vumbi au ukiwa nyuma ya lori, afu kitoe, watu wanakiacha mwaka mzima na unyevu wa pumzi za abiria saba unazunguka humo humo. Na ukipaki chini ya mti safisha majani pale chini ya kioo cha mbele zinapokaa waipa, hewa inaingilia pale, na panya pia anapita pale, muombe fundi akuwekee wavu mdogo wa chuma.

Hizo pafyumu zitoe leo. Uvundo ukichanganyika na pafyumu ya vanila ndo mgeni anashika mtandio.

SWALI: Habari za kazi kaka. Gari yangu ni IST, kapeti la mbele upande wa abiria linalowa kila siku hata kama mvua hainyeshi, na ndani kumeanza kuvunda. Nahisi ni maziwa maana nabeba maziwa kutoka Machame naleta mjini na kidumu kiliwahi kumwagika. Car wash wameosha mara tatu. (Mama wa Pasua, Moshi)

JIBU: Nzuri dada yangu. Maziwa yaliyomwagika mara moja hayawezi kulowesha kapeti kila siku, hayo ni maji ya AC. Ule mpira wa kutolea maji niliousema juu umeziba, kwa matope au majani, kisahani kinajaa kinamwagikia ndani. Jaribu hivi, washa AC dakika ishirini gari imesimama, chungulia chini. Kwa joto lile la Moshi mjini pasipodondoka hata tone, umeshapata jibu. Kuzibua ni kazi ndogo, unaingia chini ya gari unautafuta ule mpira, unapuliza upepo kiasi au unapitisha waya laini taratibu, maji yanashuka kwa fujo kwahiyo geuza uso pembeni. Usitumie upepo wa nguvu sana, mpira unaweza kuchomoka kwa ndani.

Lakini na maziwa usiyasahau, kwa sababu chini ya kapeti kuna lile tabaka la sponji nene, maziwa yakishazama pale car wash anaosha juu tu na kukuongezea maji. Mwambie atoe kiti, anyanyue kapeti lote, aoshe sponji kwa maji ya vuguvugu na sabuni, lianikwe juani siku mbili kamili mpaka likauke hadi katikati, libinye kwa mkono uone. Likirudishwa bichi umerudi ulikotoka. Na vidumu vyako vikae ndani ya beseni pana la plastiki, kikimwagika kinaishia humo.

SWALI: Fundi, yangu inanuka kitu kitamu kama sharubati, na kioo cha mbele kinaweka ukungu wa mafuta mafuta hata nikifuta. Ni AC? (Kijana, Ngaramtoni)

JIBU: Hapana, hiyo ni kulanti, yale maji ya kupozea injini. Ndani ya dashibodi kuna hita yenye maji ya radieta, inavuja. Angalia kiwango cha kulanti asubuhi injini ikiwa ya baridi, utakuta kinapungua. Usifungue mfuniko wa radieta injini ikiwa ya moto, itakuunguza. Usiiachie hii kwa sababu ukipanda Ngaramtoni na kulanti pungufu injini inachemka, na ule mvuke sio mzuri kuuvuta. Kama kuna mtoto au mbwa nyumbani asiguse hayo maji, ni matamu na ni sumu.

SWALI: Shikamoo. Nikiwa kwenye foleni nasikia harufu ya moshi wa gari ndani, hasa vioo vikiwa vimefungwa na AC imewashwa. Mke wangu anasema kichwa kinamuuma tukifika nyumbani. Nipulize ile spreyi? (Baba wa watoto wawili, Njiro)

JIBU: Marahaba baba, hapana, spreyi haihusiki hapa na naomba usingoje. Kama harufu inakuja hata ukiwa mbali na magari mengine, moshi wa injini yako unaingia ndani. Kwenye huo moshi kuna kaboni monoksaidi, yenyewe haina harufu wala rangi, inaua watu wakiwa wamelala, na kichwa kuuma ni moja ya dalili zake za mwanzo. Kuanzia sasa endesha vioo vikiwa wazi, msikae kwenye gari iliyosimama injini inaunguruma, na mtu asilale humo hata dakika tano. Mkeo akisikia kizunguzungu au kichefuchefu mtoe kwenye hewa safi muwahi hospitali, na mkamwambie daktari habari ya moshi.

Kesho asubuhi kabla hujapakia watoto peleka gari gereji yenye shimo, waangalie bomba la moshi lote kuanzia injini mpaka nyuma kama limetoboka au gasketi imeungua, waangalie na raba ya mlango wa nyuma, kwenye gari nyingi za familia ndo moshi unapoingilia. Watoto waende shule kwa gari nyingine mpaka upewe jibu.