Kituo chetu kipige muziki gani?

SWALI: Mimi ni msimamizi wa vipindi katika kituo kidogo cha redio ya FM kinachosikika katika mji mmoja na viunga vyake. Tumekuwa tukipiga muziki wa kila aina ili tusimkose mtu, lakini wasikilizaji wanapungua na wadhamini wanatukimbia. Mwenye kituo anataka tuhamie kwenye vibao vipya vinavyovuma, kama kinavyofanya kituo kikubwa tunachoshindana nacho. Je, uamuzi huo ni sahihi?

JIBU: Ningemshauri mwenye kituo asifanye hivyo. Msikilizaji hahami kituo alichokizoea kwa sababu tu amepata kingine kinachofanana nacho, na mshindani wenu ana watangazaji wanaojulikana, fedha za zawadi na mazoea ya miaka mingi ambayo hamwezi kuyanunua. Isitoshe, vibao vipya ndio muziki ambao vijana huupata kwenye simu zao siku ileile unapotoka, kwa hiyo mtakuwa mnashindana na kituo hicho pamoja na simu kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, mwenye kituo ana haki ya kutaka mabadiliko, kwa kuwa kupiga muziki wa kila aina ndiko kunakowaumiza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Todd Storz, aliyekuwa na kituo cha KOWH mjini Omaha, Marekani, alijenga ratiba yake juu ya nyimbo chache zilizopendwa zaidi na kuzirudia mara kwa mara, na kituo hicho kikaongoza kwa wasikilizaji mjini humo. Fanya hesabu upande wenu. Kituo kinachopiga nyimbo 12 kwa saa na chenye maktaba ya nyimbo 4,000 kinahitaji saa 333 kuzimaliza zote, maana yake mtu anayewasikiliza saa moja kila siku anaweza kukaa karibu mwaka mzima bila kuusikia wimbo aupendao. Kwa nyimbo 400, muda huo unashuka hadi siku 33 hivi. Kwa kituo kinachotegemea nyimbo zilizokwisha kupendwa, nyimbo 300 hadi 500 zinatosha kabisa, na sijutii kusema kwamba nyingine zote zikae kabatini.

Sasa mchague zipi? Anzeni na umri wa mtu mnayemtaka, kisha ndipo mfikirie aina ya muziki. Mwaka 1989 watafiti Morris Holbrook na Robert Schindler walionyesha kwamba watu huupenda zaidi muziki uliovuma walipokuwa na umri wa miaka 24 hivi. Kwa hiyo mtu mwenye miaka 45 leo ana uwezekano mkubwa wa kuguswa na nyimbo zilizovuma miaka ishirini na moja iliyopita. Chukua daftari, sikiliza vituo vyote vinavyosikika mjini kwenu kwa wiki moja, kwa muda wa saa nzima asubuhi, mchana na jioni, na uandike kila wimbo pamoja na mwaka uliotoka. Mimi hupanga miaka hiyo katika safu, muongo kwa muongo. Mara nyingi inajitokeza safu moja iliyo karibu tupu, na hapo ndipo penye nafasi yenu.

Pengo hilo, hata hivyo, lisiwe mbali sana nyuma. Nchini Marekani wauzaji wa matangazo wamezoea kulenga watu wa miaka 25 hadi 54, na ndiyo maana vituo vya zilipendwa vilivyojengwa juu ya nyimbo za miaka ya 1950 na 1960 vililazimika kusogeza orodha zao mbele kadiri wasikilizaji wao walivyozeeka. Wasikilizaji hao hawakuwa wachache. Tatizo ni kwamba wafanyabiashara hawakuwa tayari kulipa ili kuwafikia.

Mkishapata muongo wenu, zipimeni nyimbo mbele ya watu wenyewe. Vituo vikubwa vilizoea kukusanya ukumbini watu wapatao mia. Nyinyi mnaweza kuanza na arobaini, mradi wawe wa umri mnaoulenga na wasiwe jamaa za wafanyakazi. Pigeni kipande cha sekunde nane tu, kwa kawaida kiitikio, na kila mtu aweke alama kwenye karatasi yake: siujui, siupendi, naupenda, nimeuchoka. Mtu akiufahamu wimbo, sekunde hizo zinamtosha. Nakusihi usiwaachie watangazaji kazi hii. Wao husikia wimbo mara nyingi kuliko msikilizaji yeyote na huuchoka mapema mno; nimeona nyimbo ambazo studio nzima ilitaka ziondolewe zikipata alama za juu kabisa ukumbini.

Kabla ya yote haya, hakikisheni kwamba kosa liko kwenye muziki kweli. Mpe fundi redio ndogo ya kawaida, azunguke na gari hadi mwisho wa eneo lenu, na aweke alama kwenye ramani kila mahali sauti inapokwaruza au kupotea. Kama mtambo hauwafikii watu wa umri mnaoulenga, orodha bora haitawasaidia. Angalieni pia mpangilio wa matangazo ya biashara ndani ya saa: katika upimaji wa wasikilizaji, dakika chache za kusikiliza ndani ya robo saa huweza kuhesabiwa kuwa robo saa nzima, kwa hiyo mkimshika mtu kwa wimbo anaoupenda hadi robo saa inayofuata ianze, dakika chache zaidi zinawapatia robo saa ya pili.

Mwisho, kabla ya kutangaza mabadiliko, mtu wa mauzo awapelekee wafanyabiashara kumi matokeo ya upimaji wenu na awaulize waziwazi kama wangelipia matangazo kwa wasikilizaji wa umri huo. Wakikubali hata watatu au wanne, badilisheni orodha yote siku moja, msichanganye ya zamani na mpya, na muwe na akiba ya kuwavusha mwaka mmoja, kwa kuwa mazoea ya kusikiliza hujengeka taratibu. Wakikataa wote, rudi kwenye daftari lako ukaangalie safu ya pili iliyo tupu.