Nyumba ya Zamani ya Kilimani na Wageni wa Likizo: Maswali Yenu

Tangu tuandike kuhusu nyumba za zamani za Kigoma na Ujiji zinazogeuzwa apatimenti za wageni, barua hazijakatika. Nyingi zinaulizia rangi, mapazia na mapambo. Sisi tumeanza na zile zinazoulizia maji, maana nyumba iliyo kwenye mteremko huharibiwa na maji kabla ya kitu kingine chochote.

Plasta imevimba ukuta wa nyuma

*Habari za kazi. Nyumba ya marehemu babu yetu iko Ujiji, kwenye mteremko. Kuta ni za matofali ya udongo yasiyochomwa, paa la bati, baraza mbele. Tumeigawa apatimenti mbili. Mwaka juzi fundi alipiga plasta ya saruji ndani na nje. Mvua za safari hii ukuta wa nyuma, ule unaotazama kilima, plasta imevimba, na kwa chini imebanduka ikatoka na udongo. Chumba kinanuka ukungu. Fundi anashauri tuongeze saruji, kisha tupake rangi ya mafuta. Tumsikilize?* — Msomaji, Ujiji

Hapana, ndugu yetu. Mkifanya hivyo, mvua zijazo zitaondoka na ukuta.

Tofali la udongo hunyonya unyevu na kuutoa. Kwa miaka yote ile ukuta wa babu ulikuwa ukilowa kidogo masika na kukauka kiangazi. Saruji imeuziba. Maji bado yanaingia, kwa chini na kwa kila ufa mwembamba kama unywele, lakini hayana pa kutokea. Udongo nyuma ya plasta unageuka tope na kuiachia plasta. Tena saruji ni ngumu na udongo ni laini. Jua likiwaka na usiku ukipoa, viwili hivi havitanuki wala kusinyaa sawasawa, vikaachana. Gonga plasta kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama debe tupu, pameshaachia.

Lakini kwa nini ukuta wa nyuma tu? Nendeni nyuma ya nyumba mkapime. Kila mwaka mvua huteremsha udongo kutoka juu, unarundikana ukutani, na kwa miongo kadhaa ardhi ya nje inakuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Hapo ukuta unageuka ukingo wa bwawa. Hili ndilo la kuondoa kwanza, kabla hamjanunua hata mfuko mmoja wa kitu chochote.

Chimbeni kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Shusheni ardhi mpaka iwe sentimita 15 hadi 20 chini ya usawa wa sakafu ya ndani, upana wa nusu mita au zaidi kutoka ukutani. Msichimbe urefu wote kwa siku moja. Fanyeni kipande cha mita moja, mruke, mfanye kingine, ndipo mrudie vilivyorukwa. Na msifike chini ya kitako cha msingi hata kidogo. Nyumba nyingi za namna hii zina msingi mfupi wa mawe, na ukiufukua wote kwa mpigo ukuta unaweza kutitia. Kisha tengenezeni mfereji wa kupokea maji ya kilima mita moja na nusu hivi juu ya nyumba, uzunguke na kutokea pembeni, penye njia ya maji ya mtaa. Si kwa jirani wa chini.

Angalieni na paa. Bati likitokeza sentimita 30 tu, maji huanguka karibu na ukuta na kurusha tope juu yake. Tokeza iwe 60, au fungeni gata. Panapoanguka maji pawekwe kokoto, pasisakafiwe kwa saruji laini inayorusha matone.

Plasta ya zamani iondoeni palipoachia tu. Paliposhika, mkipiga nyundo mtang'oa na tofali. Ukuta ukishawekwa wazi, uacheni upumue wiki kadhaa. Bonyezeni kwa kidole gumba: ukididimia, bado haujakauka.

Plasta mpya iwe ya udongo. Sehemu moja ya udongo wa mfinyanzi, mbili hadi tatu za mchanga, na nyasi kavu zilizokatwa urefu wa kidole. Loweka usiku kucha, kanyaga, na kabla ya kupiga ukuta mzima jaribuni viraka vitatu vya sentimita 30 kwa 30 vyenye vipimo tofauti. Kilichopasuka kina udongo mwingi. Kinachopukutika ukikisugua kina mchanga mwingi. Nyunyizieni ukuta maji kabla ya kupiga, na unene usizidi sentimita moja na nusu kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja.

Juu yake pakeni chokaa iliyozimwa, iliyochujwa na kuzimuliwa mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Mikono minne au mitano myembamba, kila mmoja juu ya ukuta wenye unyevunyevu, mkiacha siku moja katikati. Mkono mzito hupukutika na kuchafua nguo za wageni. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, hivyo isipigwe jua kali siku za mwanzo. Tundikeni magunia yaliyoloweshwa. Mpakaji avae miwani na glavu. Chokaa ikiingia jichoni, osheni kwa maji mengi mfululizo, kisha hospitali.

Mkitaka rangi, changanyeni chokaa na udongo mwekundu uliochekechwa. Hiyo rangi ya chungwa iliyofifia ndiyo mgeni anaipiga picha.

Mlango umepata mnunuzi

*Shikamooni. Nyumba yetu ina mlango wa mbao wenye nakshi, wazee wanasema ulikuwapo kabla ya vita ya pili. Amekuja mtu anataka kuununua na fremu yake, na pesa anayotaja ingetosha kumaliza choo na jiko la apatimenti. Chini umeoza kidogo. Tuuze?* — Msomaji, Ujiji

Marahaba. Mama, msiuze, na tunasema hivyo kwa moyo wote. Choo kizuri kila nyumba ya wageni kitapatikana. Mlango huo hautapatikana tena.

Pia lipo suala la sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mkono hapa Afrika, kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki, kabla ya mwaka 1940. Kuutoa nje ya nchi kunahitaji kibali, na mnunuzi asiyetaka kusikia habari ya kibali mwogopeni. Waulizeni wahusika wa mambo ya kale. Makumbusho ya Livingstone hapo hapo Ujiji ni mahali pazuri pa kuanzia.

Palipooza pasizibwe kwa saruji wala bati. Seremala akate mbao iliyooza mpaka afikie nzima, aunge kipande cha mninga kwa kiungo cha mshazari, gundi na vijiti vya mbao, nyuzi za mbao zielekee upande mmoja na za zamani. Kisha inueni kizingiti ili mlango usiguse maji ya baraza.

Kitu kimoja kinatuuma kila tukikiona: oili chafu ya gari kupakwa mlangoni kuzuia mchwa. Inaufanya mweusi, inajaza nakshi, inanuka miezi, na mgeni akiegemea ameharibu kanzu. Safisheni kwa brashi laini na kitambaa chenye unyevu kidogo, acheni ukauke, halafu pakeni nta ya nyuki na mafuta ya kitani: nta sehemu moja, mafuta sehemu nne. Nta nzuri inatoka Tabora. Yeyusheni ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Pakeni kidogo, futeni sana, rudieni baada ya siku mbili. Vitambaa mlivyotumia msivikunje na kuvirundika pembeni: mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vitandazeni nje mpaka vikauke, au vilowekeni kwenye ndoo ya maji.

Bafu la juu halina nguvu ya maji

*Nina apatimenti mbili kilimani Mwanga, kila moja watu wanne. Maji ya bomba huja kwa zamu, na bafu la juu halina nguvu ya maji. Nimenunua simtanki la lita 1,000, fundi anataka kuliweka juu ya ukuta wa jikoni la zamani. Pia nataka bafu la maji moto la umeme, lile la kuchemsha papo hapo.* — Msomaji, Mwanga

Kaka, lita 1,000 za maji ni tani moja. Ukuta wa zamani haukujengwa kubeba tani moja mahali pamoja. Mwambie fundi hapana.

Wewe una kitu ambacho watu wa tambarare hawana: kilima. Kila mita 10 za kimo hukupa bar moja ya msukumo. Ukiweka tangi sehemu ya juu ya kiwanja chako, mita sita juu ya kichwa cha bafu, unapata bar 0.6 bila mnara na bila pampu. Likae kwenye jamvi la zege lililo sawasawa, mbali na ukingo wa ukuta wowote unaozuia udongo. Kama ukuta huo una mita mbili kwenda juu, tangi lirudi nyuma mita mbili au zaidi, la sivyo utausukuma uanguke. Bomba kuu liwe la inchi moja, ndipo ligawanyike nusu inchi kwenda kwenye koki. Ukishusha nusu inchi tangu juu, wa kwanza kufungua atamkausha mwenzake.

Kwa ujazo piga hivi: watu wanane, lita 80 kila mmoja kwa siku, ni lita 640. Zamu ikichelewa siku tatu unahitaji karibu 2,000. Ongeza tangi la pili la ukubwa huo huo. Na bomba la kumwagia ziada lipelekwe mpaka mferejini. Tangi linalofurika usiku kucha kilimani ndilo linaloanzisha ugonjwa wa barua ya kwanza.

Bafu la umeme: soma kwenye boksi kiwango cha chini cha msukumo, maana msukumo usipofika hapo haliwaki. La wati 5,500 huvuta ampea 24 hivi kwenye volti 230. Waya wa mm 2.5 wa soketi hautoshi. Utapata joto ukutani mahali usipopaona. Weka laini yake peke yake ya mm 6 kutoka kwenye bodi, breka yake, kinga ya kukata umeme unapovuja, na eathi iliyopimwa. Nyumba nyingi za zamani eathi ni nondo iliyochomekwa tu ardhini, haijapimwa siku zote. Hapa usibane pesa, kuna mtu aliyelowa chini ya hiyo mashine.

Tuandike nini kwenye tangazo?

*Jirani yangu ameandika kwamba Livingstone alilala kwenye nyumba yake. Wageni wanamiminika. Na mimi niandike nini?* — Msomaji, Kigoma mjini

Andika la kweli, dada, linatosha. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, na mahali pa kumbukumbu pako wazi kwa kila mtu, kilomita nane hivi kutoka Kigoma mjini. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na stesheni ya enzi ya Wajerumani bado imesimama chini pale. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa hapa. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Mgeni akiamka na kuitazama bandari kutoka barazani kwako, hadithi hiyo inakuwa yake bila uongo wowote.

Baada ya hapo andika yale ambayo watu huyaficha. Ngazi ni ngapi kutoka bajaji inapoishia: zihesabu, uandike namba. Kama kuna mzee anayekuja, namba hiyo ina thamani kuliko picha kumi za machweo. Ngazi za zamani huwa hazilingani, na mguu hujikwaa pale moja inapozidi wenzake. Zisawazishe ziwe na kimo cha sentimita 15 hadi 17, weka mkono wa kushikia kwenye sentimita 90, na taa kila inapokata kona. Andika maji yanakuja vipi, adhana inasikika alfajiri, vyandarua vipo. Waambie waombe ruhusa kabla ya kupiga picha bandarini, stesheni na nyumba za Serikali. Na wanaotaka kuogelea wajue kwamba ufukoni karibu na makazi kuna kichocho.

Kelele za mvua

*Bati linapiga kelele wageni hawalali. Dari ya jipsamu itafaa?* — Msomaji, Bangwe

Itapunguza, lakini bati likivuja mara moja jipsamu inalegea na kushuka. Nyumba ya zamani inapendeza zaidi kwa dari ya mbao nyembamba, na juu yake utandaze sufi ya mawe (nyuzi laini za mawe za kuzuia kelele na joto) ya sentimita tano au kumi. Acha nafasi ya hewa kati yake na bati, na matundu kwenye kuta za pembetatu pande zote mbili: mchana upepo hutoka ziwani, usiku hushuka kutoka kilimani, joto litatoka lenyewe. Matundu yafunge kwa wavu wa matundu ya milimita sita kuzuia popo. Funga jioni wakishatoka, na uhakikishe hakuna makinda ndani.