Dizaina unayeanza: nenda kwa wachapaji kabla ya kuhangaika na mitindo

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: mwaka huu ni mitindo gani ya dizaini inatamba, ujifunzie wapi bila kulipa ada, na kwa nini unaposti Instagram kila siku lakini simu haiiti. Mimi naishi kwa kazi hii hapa Dar. Kabla ya kujitegemea nilikaa kwenye kompyuta ya karakana moja ya uchapaji Kariakoo, na karibu kila ninachokijua kuhusu wateja nilikipata pale. Nitaanza na hilo la tatu, maana ndilo linalokuuma.

Umesema kazi unazoposti ni matangazo ya viatu vya kampuni za nje, chupa za soda na magari ya kifahari, vitu ambavyo hakuna aliyekutuma uvitangaze. Kama mazoezi, sawa kabisa. Lakini mwenye duka la vipuri akiona tangazo lako la kiatu cha Marekani atasema "huyu anajua", kisha anaendelea na shughuli zake, kwa sababu hajaona chochote kinachomhusu. Anachotaka kujua ni kama bango lake litatoka na rangi ileile aliyoiona kwenye simu, kama litasomeka na mtu aliye kwenye daladala, na kama litakuwa tayari kabla ya Jumamosi. Mteja wa kwetu analipia uhakika huo. Uzuri wa dizaini anauona baadaye, na akiuona anafurahi, ila sio uliomleta.

Sasa, mtu ambaye hajawahi kufanya kazi na dizaina anaanzia wapi akitaka vipeperushi? Anakwenda kwa mchapaji. Anaingia na karatasi ya daftari yenye maneno aliyoyaandika kwa kalamu, labda na picha ya dukani kwake aliyoipokea WhatsApp. Mchapaji anamuuliza, "Dizaini unayo?" Hana. Hapo mchapaji anatafuta jina kwenye simu yake. Jina analopiga ni la dizaina ambaye faili zake hazimsumbui mashineni. Mimi wateja wangu wengi wa mwanzo walikuja kwa njia hiyo, na mpaka leo mafundi wa mashine wananitafutia kazi kuliko ukurasa wangu wowote.

Faili isiyosumbua ni ipi? Chukua kadi ya mwaliko wa harusi. Kwenye kioo cha kompyuta maandishi meusi ni meusi tu, hakuna cha kujadili. Kwenye ofseti, yaani mashine ya kuchapa kwa pleti na wino, nyeusi hiyo inaweza kuwa wino mmoja au ikawa mchanganyiko wa wino zote nne: sayani, majenta, njano na nyeusi. Ukidizaini kwa RGB (rangi za kioo) halafu ukageuza kuwa CMYK (hizo wino nne) dakika ya mwisho, maandishi yako kwa kawaida yanaangukia kwenye huo mchanganyiko. Kila wino una pleti yake, yaani bamba la kuchapia, na karatasi ikisogea kidogo sana kati ya pleti moja na nyingine, herufi ndogo za pointi nane zinapata ukungu wa rangi ukingoni. Fundi anaweka lenzi juu ya karatasi, anatazama zile alama za msalaba za pembeni za kulinganishia rangi, anarekebisha, anatoa nyingine, anainama tena. Karatasi za kadi zinaharibika na bei yake unaijua. Yote hayo yangeisha kama maandishi madogo ungeyaweka kwenye nyeusi peke yake.

Mengine nayapitia haraka. Acha milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu cha kukatia karatasi. Geuza fonti kuwa maumbo kabla ya kutuma. Picha ya kuchapwa kwenye kipeperushi iwe na nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa wake halisi. Bango la mita kadhaa halihitaji kiasi hicho kwa sababu linatazamwa kwa mbali. Buluu ile inayowaka kwenye simu haipo kwenye wino, kwa hiyo mwambie mteja mapema, tena mwonyeshe sampuli iliyochapwa. Na kwenye fulana za kuchapa kwa skrini kila rangi inataka skrini yake, hivyo nembo ya rangi mbili inampunguzia mteja gharama kila anapochapa. Ukimweleza hilo kabla hajauliza, umempata.

Kwa hiyo tafuta karakana ya karibu, uombe kukaa pale. Hata kama hawana malipo mwanzoni, omba wakupe kazi ya kukagua faili za wateja na kuzipanga kwenye karatasi. Hakuna video itakayokupa shule hiyo.

Video nazo zina nafasi yake. YouTube itakufundisha kutumia programu, na programu za halali zisizo na malipo siku hizi zinatosha kuishi nazo. Inkscape ipo tangu 2003 na inafaa kwa nembo, GIMP kwa picha, Scribus kwa vitabu na majarida. Affinity, programu ya dizaini iliyonunuliwa na kampuni ya Canva 2024, ilifanywa ya bure mwishoni mwa 2025. Fonti zichukue Google Fonts. Leseni zake zinakuruhusu kuzitumia kwenye kazi za biashara. Achana na Photoshop ya kuvunjwa inayozunguka kwenye flashi za mtaani. Mara nyingi inakuja na virusi, na siku mashine yako inakwama ndiyo siku mteja anasubiri.

Canva yenyewe, ile ya kudizaini mtandaoni kwa templeti (mipangilio iliyoandaliwa tayari), usiidharau, wateja wako wengi wanaitumia. Ila usijenge nembo ya mtu kwa michoro yake ya pamoja, kwa sababu mchoro huohuo anaruhusiwa kuutumia mtu mwingine yeyote, na masharti ya Canva yenyewe hayakuruhusu kuusajili kama alama yako ya biashara. Mteja anayetaka kwenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kusajili alama yake anahitaji nembo iliyochorwa upya kutoka mwanzo.

Templeti nyingi zimepangwa kwa Kiingereza, na hapa ndipo dizaini nyingi za vijana wetu zinapoharibikia. Neno la herufi nne limejaza upana wote, limetulia, linapendeza. Wewe unaweka TUNAFUNGUA JUMAMOSI, halafu unaanza kubana herufi mpaka zinagusana. Maneno yetu ni marefu, yakubali. Tafuta fonti zenye herufi nyembamba, gawa kichwa mistari miwili, punguza picha. Ukiandika kwa herufi kubwa neno lenye ng', ile alama ya juu huwa inaacha pengo baya katikati ya neno. Isogeze kwa mkono. Bei za dukani nazo zijaribu kwa mbali: kuna fonti ambazo 1 na 7 huwezi kuzitofautisha ukiwa hatua chache tu.

Ukitaka shule ya mpangilio, fungua kabati la mama. Khanga ina pindo kuzunguka, mji katikati, na mstari mmoja wa maneno chini ya mji. Rangi chache, kwa sababu kila rangi ilikuwa gharama nyingine kwenye uchapaji. Herufi kubwa, nene, zinazosomeka mwanamke akipita mbele yako. Zile za Kaderdina wa Mombasa, duka lililoanza 1887, zina alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla" pembeni mwa kitambaa, na wanunuzi wa pwani nzima wamekuwa wakiitazama alama hiyo kabla ya kulipa. Tandika chache sakafuni, chora kila moja kwenye daftari kwa penseli: pindo lina upana gani ukilinganisha na mji, maneno yamekaa wapi, rangi ngapi. Naifanya kazi hii mpaka leo ninapokwama na mpangilio.

Mitindo sasa. Herufi nene kupita kiasi, rangi zinazoyeyukiana, mwonekano wa zamani wenye chengachenga, picha za akili bandia. Ijue yote, jaribu kila mmoja nyumbani. Lakini mtindo unafika kwetu ukiwa tayari ni templeti, na baada ya muda mfupi kila tamasha la injili na kila uzinduzi wa duka vina miale ileile ya mwanga nyuma na cheche zilezile za moto. Kwenye kazi ya mteja, uliza kwanza kama mtindo huo unasaidia tangazo kusomeka. Picha za akili bandia mimi nazitumia kumwonyesha mteja wazo, basi. Ziombe mama lishe aliyevaa khanga uone: mara nyingi maneno ya kwenye khanga ni michoro isiyosomeka, na mteja wa kwetu ataliona hilo kabla ya kuona kingine chochote.

Turudi kwenye kujitangaza. Punguza idadi ya posti. Chukua kazi moja ya kweli, hata ya kinyozi wa jirani, uisimulie yote kwa Kiswahili: kibao cha zamani kilivyokuwa, alichosema mwenyewe, michoro ya penseli mliyoikataa, na picha ya kibao kipya kikiwa kimebandikwa ukutani kwenye jua. Ile ya ukutani ndiyo inayouza. Iweke WhatsApp status pia, maana wanaokufahamu wako huko kuliko Instagram. Behance nayo, mtandao wa dizaina kuonyesha kazi zao, fungua, lakini ujue inaangaliwa zaidi na wenzetu wa fani na wateja wa nje.

Mashindano ya "tumeni nembo, atakayeshinda atalipwa" kaa nayo mbali. Unafanya kazi nzima, halafu huna hata mteja wa kumhoji. Omba nusu ya malipo kabla ya kuanza, na mwandikiane kwenye WhatsApp ni marekebisho mangapi yamo ndani ya bei hiyo. Mteja mwema hakasirikii jambo hilo.

Ukishapata karakana ya kukupokea, siku ya kwanza waulize mashine yao inachukua karatasi ya ukubwa gani na wanapenda faili za aina gani. Kisha leta hapa moja ya dizaini zako za kadi kwa PDF, sio picha, niikague pamoja nawe.