Usifagie Majivu Kabla Hayajaandikwa

Asubuhi ya pili baada ya moto, mama mkwe wangu alishika ufagio akaanza kufagia uwanja. Majirani walikuwa wanakuja kutupa pole, na yeye hakutaka wakute majivu yamejaa mpaka mlangoni, ingawa mlango wenyewe ulikuwa umeshaungua. Alikuwa ameshazoa karai mbili alipofika mwenyekiti wa kitongoji. Akamwamkia, "Shikamoo mama," akaupokea ule ufagio mkononi mwake, akasema, "Yaache kwanza. Hayo majivu ndiyo ushahidi wenu."

Siku ile niliona kama anatuonea. Leo namshukuru. Kila kiangazi kikikolea huku Nachingwea, mkoani Lindi, kuna mtu anaulizia njia: moto umetoka porini, umekula shamba na nyumba, tunaanzia wapi kuomba msaada wa Serikali? Mimi si mtumishi wa ofisi yoyote. Nimelima korosho na mbaazi maisha yangu yote, niliunguliwa, nikaomba, nikakosea, nikarudia, nikapata. Naandika ili mwingine asipoteze wiki nilizopoteza mimi.

Moto wetu ulikuja mwezi wa nane, mikorosho ikiwa kwenye maua. Ulianzia upande wa mlimani, na aliyeuwasha hajajulikana mpaka leo. Huenda ni wasaka panya, huenda ni wa asali, huenda ni mtu aliyekuwa anasafisha shamba lake akashindwa kuuzima. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma. Chini ya mikorosho kulikuwa na majani makavu na nyasi ambazo hatujazipalilia, na moto ukipata hivyo hauhitaji mwaliko. Nyumba ilikuwa na bati upande mmoja na nyasi upande wa pili. Kilichotumaliza hasa ni salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Tulikuwa na mifuko sita ya kilo 25 kwenye chumba cha ndani, tumeitunza tusiibiwe. Salfa ikishika moto huwaka kwa mwali wa buluu ambao mchana huuoni vizuri, na moshi wake unakaba koo kama mtu amekushika kwa mikono miwili. Mume wangu alijaribu kurudi kuchukua sanduku la nyaraka. Alifika kizingitini, akarudi anatambaa. Sanduku likabaki humo. Tulitoka salama wote, na hilo ndilo kubwa.

Sasa nianze na neno moja, kwa sababu ndilo lililoniangusha: fidia.

Barua yangu ya kwanza niliandika, "YAH: Maombi ya fidia ya mikorosho 47 na nyumba." Ilirudishwa. Nililia, nikadhani tumedharauliwa. Baadaye ndipo nilipoeleweshwa vizuri. Maafa nchini yanasimamiwa kwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Namba 6 ya mwaka 2022, na msimamo wa Serikali ni kwamba haimlipi mwathirika fidia ya alichopoteza. Inachotoa ni msaada wa kibinadamu: chakula, blanketi, magodoro, vyombo, pengine vifaa vya kuezekea, ili watu waendelee kuishi wakati wanajipanga. Fidia unamdai mtu aliyekuunguza, kama anajulikana, na njia yake ni polisi na mahakama. Ukiandika "fidia" unaomba kitu ambacho anayeipokea barua hana mamlaka ya kukupa. Barua yangu ya pili ilisema, "Maombi ya msaada wa kibinadamu baada ya maafa ya moto," nikataja tuko wangapi, watoto wangapi wa chini ya miaka mitano, mzee mmoja, tunalala wapi, tumebakiwa na chakula cha siku ngapi. Hiyo haikurudi.

Huku kwetu kuna mkanganyiko mwingine, nao unatokana na tembo. Watu wa Liwale na Nachingwea tumezoea kusikia kifuta jasho: tembo akila shamba lako, unaandikisha, maliasili wanakuja kupima. Jirani yangu alikwenda moja kwa moja kwa watu wa wanyamapori na habari ya moto, akazungushwa siku nne. Kifuta jasho ni cha wanyamapori tu. Moto una mlango wake.

Mlango huo ni kijijini. Sheria imeweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia kijiji, kata, wilaya, mkoa mpaka taifa. Kamati ya wilaya iko chini ya Mkuu wa Wilaya, na halmashauri ina mratibu wa maafa, mtu ambaye wengi hatujui hata kama yupo. Juu kabisa iko Idara ya Menejimenti ya Maafa, Ofisi ya Waziri Mkuu. Utaratibu ni kwamba kila ngazi inafanya inachoweza, ikizidiwa ndipo inapandisha juu. Kwa hiyo ukiruka kijiji ukaenda wilayani na kilio chako, utaulizwa swali moja tu: taarifa ya kijiji iko wapi?

Hapa kuna jambo ambalo nataka lisikike. Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu Mei 2024 na barabara ya Dar es Salaam kukatika kule Somanga, nchi nzima ilijua. Viongozi walifuata watu walipo. Moto wa pori hauko hivyo. Unaunguza kaya tatu hapa, kaya mbili kule, na kijiji cha jirani hakijui. Hakuna atakayekufuata. Kwa hiyo msibani hapo hapo, koo likiwa bado linawasha moshi, mmoja wenu lazima asimame aende kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kutoka kwake kwa mtendaji wa kijiji, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Moto ukiwa bado unawaka piga 114, Zimamoto na Uokoaji, hata kama unajua barabara ya kwenu ilivyo na gari litachelewa. Ukishazimika, nenda polisi utoe taarifa, upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Namba hiyo niliandika kwenye kila karatasi iliyofuata.

Kisha inakuja tathmini, na hapa ndipo majivu yana kazi.

Walikuja watu wanne: mtendaji, mwenyekiti, mjumbe mmoja wa kamati na bwana shamba wa kata. Walisimama kwenye kila chumba kilichokuwa chumba wakauliza kulikuwa na nini. Bati zilizokunjamana zilihesabiwa moja moja. Bakuli la bati lililoyeyuka ubavuni liliandikwa. Pale mama mkwe alipofagia, kwenye kona ya jiko, palikuwa na magunia mawili ya mbaazi. Alikuwa amezoa mpaka punje zilizoungua. Mtendaji hakutukatalia, ila aliandika "kwa maelezo ya mwathirika," na mbele ya gunia la ghalani, ambako punje nyeusi zilikuwa bado zimelala chini aliandika "imeonekana." Maneno hayo mawili hayana uzito sawa ngazi za juu. Kama una simu ya kamera, piga picha kabla hujagusa kitu, na mtu mmoja wa kijijini asimame ndani ya picha.

Shambani, bwana shamba alitufundisha kitu ambacho sikukijua. Sisi tulikuwa tumeandika mikorosho 47 imeungua. Akatoa panga, akakwangua gome la mkorosho wa kwanza kidogo tu, upana wa kucha. Chini yake palikuwa kijani, pabichi. "Huu mzima," akasema. "Umepoteza maua na majani, mwaka huu hautazaa, lakini haujafa." Wa pili akakwangua: kahawia, mkavu kama kuni. Tulizunguka shamba zima hivyo. Mume wangu alichana khanga yangu moja iliyookoka vipande vipande, akafunga kitambaa kwenye kila mti uliokufa. Tulipomaliza, iliyokufa ilikuwa 18, iliyobabuka 29. Nilitamani kubishana, maana kwa jicho langu yote ilikuwa myeusi. Nashukuru sikubishana. Kaya moja ya jirani iliandikisha miti mingi kuliko shamba lao linavyoweza kubeba, na taarifa ya kijiji kizima ikarudishwa ihakikiwe upya. Wote tukachelewa, na wao walionekana waongo hata kwa yale ya kweli waliyopoteza. Na tafadhali, usikate mti wowote kuuza kuni kabla ya tathmini, hata kama njaa inakusukuma. Ile 29 mingi ilichipua mvua zilipoanza. Kama tungeikata kwa hasira, tungejiua wenyewe.

Kuhusu nyaraka zilizoungua, usikate tamaa. Polisi watakupa ripoti ya upotevu, na kwa ripoti hiyo unaomba upya kitambulisho cha Taifa. Namba yako ya NIDA haiungui, kadi ndiyo imeungua. Umiliki wa shamba ndio ulionitia hofu zaidi. Kumbe tulikuwa tumeandikishwa kama wakulima wa korosho ili tupate pembejeo za ruzuku, na kwenye chama chetu cha msingi cha ushirika, AMCOS, jina la mume wangu lilikuwepo pamoja na shamba na kilo alizopeleka misimu iliyopita. Katibu alitupa barua yenye muhuri. Mwenye hati ya kimila nakala yake iko kwenye masjala ya ardhi ya kijiji. Nenda kaulize kabla hujasema huna ushahidi.

Barua iandikwe nakala tatu. Moja unaiacha ofisini, ya pili inapigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe unaondoka nayo, ya tatu anakaa nayo ndugu wa mbali. Nasema hivi kwa uchungu. Kuna ofisi moja barua yangu ilikaa siku kumi na moja, halafu nikaambiwa haijawahi kufika. Nilifungua mfuko, nikatoa nakala yenye muhuri wao wenyewe. Kijana aliyekuwa mezani aliutazama ule muhuri, akanyamaza, akasema, "Subiri kidogo mama." Barua ilipatikana kabla ya adhuhuri. Na mtu akikuomba hela ya mafuta ya pikipiki ili aje kukuandika, au chochote ili jina lako liingie, jua kuwa tathmini hailipiwi. TAKUKURU wanapatikana kwa 113, bila malipo.

Tulichopata kilikuja kwa mafungu. Kijiji kilichanga kwanza, na wala si kidogo: unga, ndoo, nguo za watoto, mahali pa kulala kwa mwezi mzima. Baada ya wiki tano ulikuja msaada kupitia wilayani: mahindi, maharage, magodoro mawili, blanketi, sufuria, na bati kadhaa zilizotosha kuezeka chumba kimoja. Haikulingana na tulichopoteza, na haikukusudiwa ilingane. Ila mtoto aliyelala kwenye godoro usiku ule hakujua tofauti ya msaada na fidia.

Wiki zile tano za kusubiri ndizo za hatari, na hili sikuambiwa na mtu. Siku ya sita alikuja mtu na pikipiki, mpole, na pole zake za kweli. Akasema atatusaidia magunia mawili ya mahindi sasa hivi, tumlipe kwa korosho za mikorosho iliyobaki, apime kwa kangomba, kile kipimo kisicho rasmi cha walanguzi. Ukiwa unalala chini ya mwembe maneno hayo ni matamu mno. Mume wangu alikuwa tayari. Mimi nilimwomba tusubiri mpaka asubuhi, na asubuhi tukapiga hesabu: kwa alivyotaka kupima, tungempa korosho za thamani mara nyingi ya yale mahindi, tena biashara yenyewe imekatazwa. Tukaenda kwa katibu wa AMCOS, tukamweleza hali yetu, naye akatuunganisha na wanachama wenzetu waliotukopesha debe nne za mahindi mpaka mnada wa korosho. Hakuna aliyetutoza hata punje ya ziada. Ukiunguliwa, mwambie mtu wa chama chako mapema, kabla wa pikipiki hajafika.

Nimalizie kwa bibi wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Siku ya tathmini alikuwa Masasi kwa binti yake anayeumwa. Aliporudi, nyumba yake ilikuwa majivu na orodha ilikuwa imeshaondoka. Watu walimwambia, "Bibi, imeshapita." Haikuwa imepita. Tulikwenda naye kwa mtendaji, nikaandika barua mimi, yeye akaweka dole gumba, majirani wawili wakashuhudia kwa saini kwamba nyumba ilikuwepo na iliungua siku ile ile na zetu. Kamati ikakaa tena, ikapeleka orodha ya nyongeza yenye jina moja. Alisubiri mwezi mmoja zaidi yetu. Mahindi yalipofika tulimbebea mpaka kwa mwanawe alikokuwa amehifadhiwa, akataka kwanza asomewe karatasi, aone jina lake limeandikwaje. Tulimsomea mara mbili.