Taa za rivasi zimegoma zote mbili? Kabla hujanunua swichi fungua ule mpira wa waya wa mlango wa nyuma

Mkuu uliyeandika kutoka Lindi kwamba taa za rivasi zimegoma zote mbili na fundi anataka elfu themanini abadilishe swichi ya giaboksi, ile inayowasha taa ukiweka R, hiyo hela usiitoe leo. Mimi niko Mikindani huku Mtwara, mwaka jana yalinikuta haya haya, ki-Toyota changu nacho otomatiki, mlango wa nyuma wa kunyanyua na taa za rivasi ziko kwenye mlango wenyewe kama ulivyoelezea chako. Fundi wangu nae aliimba wimbo huo huo wa swichi. Swichi ilikuwa nzima kabisa.

Ilianza kuzima moja nikapuuza, si unajua sisi, moja inatosha. Kuja kujua na ya pili imekufa ni siku narudi usiku umeme umekatika mtaa mzima, napaki kwa kurudi nyuma, puu, nimelilaza pipa la jirani na maji yake yote. Mama wa watu alinisema mpaka kesho yake asubuhi, na alikuwa na haki.

Sasa unavyopima. Gari iwe sehemu tambarare, handbreki vuta, jiwe mbele ya tairi na jingine nyuma. Injini usiwashe, funguo peleka ON tu, kanyaga breki uweke R. Hilo jiwe sio mapambo mkuu, otomatiki ikiwa imezimwa gia inayofunga matairi ni P peke yake, ukiwa kwenye R na handbreki imelegea, kamlima kadogo tu gari inaondoka na wewe umeinama huko nyuma.

Kabla ya kushika kitu angalia dashibodi. Kwangu ile herufi R ilikuwa inawaka vizuri tu, na kwenye Toyota nyingi za otomatiki hiyo R na taa za nyuma zinapata moto kwenye swichi hiyo hiyo, sehemu hiyo hiyo. Sasa kama swichi imekufa R inawakaje? Nilimuuliza fundi akanijibu "hizi gari zina mambo mengi". Nikamshukuru nikarudi nyumbani.

Kama R nayo haiwaki anza na fyuzi. Toyota nyingi za zamani imeandikwa GAUGE, mara nyingi ya 10A, inalisha na geji za dashibodi, kwaiyo ukiona na mshale wa mafuta umelala jibu umeshalipata. Ya 10 weka ya 10. Usiweke ya 30 wala karatasi ya sigara, maana hapo waya ndo zitaungua kabla ya fyuzi. Na ikiungua tena ujue kuna waya uchi unagusa bodi mahali.

Globu ni kazi ya dakika tano, nyingi ni za 21W, itoe uangalie uzi wa ndani. Ila huku kwetu pwani usiishie kwenye globu, angalia na holda, kile kitako globu inapokaa. Gari zinazolala Shangani au Mikindani karibu na bahari zinakula chumvi usiku kucha, ile taa yangu ya kwanza globu ilikuwa nzima, holda ndo imejaa unga wa kijani. Nikasugua na msasa laini vile vibati mpaka vikang'aa, nikapaka mafuta ya mgando kidogo kuzuia unyevu. Taa haikuwaka. Nikaweka globu mpya mbili, wapi. Kwaiyo matatizo yalikuwa mawili, na hapo ndo watu wengi wanachanganyikiwa wanarudi kwa fundi.

Nikachukua mita ya kupimia umeme, waya wa rivasi pale kwenye holda unasoma volti 12. Ethi, ule waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, nzuri. Moto upo, globu mpya, taa haiwaki, nikakaa chini kabisa nikaagiza chai. Shemeji yangu anatengeneza redio, yeye ndo alinifungua macho: mita inadanganya. Mita yenyewe haili umeme, hata kama waya umebaki na nyuzi chache zilizooza zinazogusana kwa shida itakusomea 12 hiyo hiyo, lakini globu ya 21W inataka karibu ampea mbili na nyuzi za namna hiyo haziwezi kuzipitisha. Pima na globu. Chukua globu ya zamani nzima, ifunge waya mbili, hiyo ndo testa, inataka umeme kweli kweli.

Tukapima na globu, giza. Shemeji akanyanyua mlango taratibu, mimi naangalia. Mlango ulipofika juu globu ikacheka kidogo ikazima. Akashusha, akanyanyua, ikacheka tena. Hapo huhitaji kuambiwa.

Pale juu karibu na bawaba kuna mpira mweusi kama koromeo la kuku, ndani yake zinapita waya zote za mlango. Kila ukifungua na kufunga zinapinda pale pale. Na mimi msimu wa korosho nilikuwa nabeba magunia, mlango unafunguliwa kutwa nzima, we fikiria. Nikauchomoa ule mpira nikausogeza. Kwa macho waya zote nzima. Usiamini macho, shika mmoja mmoja uuvute kidogo: mzima unagoma, uliokatika ndani unanyooka kama mpira wa manati kwa sababu shaba haipo tena, limebaki ganda. Wa rivasi ulinyooka hivyo, na wa taa ya namba, na mwingine. Nikauchana ule wa rivasi, ndani nyuzi nyeusi, mbili tatu tu ndo zimeshikana.

Usikate waya zote kwa mpigo, utakuja kulia, kata mmoja unga ndo uende mwingine. Na usiunge katikati ya mpira, kiungo kitakatika tena pale pale panapopinda. Mimi nilikata kipande kizima kibovu nikaweka waya mpya laini wa unene ule ule, viungo viwili, kimoja ndani ya bodi kingine ndani ya mlango, nikachomea risasi na tepu nyeusi juu. Angalia na ethi humo humo, Toyota nyingi ni mweupe wenye mstari mweusi, ukiwa umeoza taa zinakuwa hafifu au ukiweka rivasi zinawaka na ambazo hazihusiki.

Waya, tepu na globu mbili havikufika elfu kumi. Pipa la mama lilinila elfu arobaini.

Kama mpira uko salama, fyuzi nzima na R ya dashibodi haiwaki kabisa, hapo sawa, mpe fundi swichi yake, ila mwambie kwanza aikaze na kuiweka sawa, wakati mwingine imehama tu, na dalili ni gari kuwaka kwenye N na kugoma kwenye P. Wenye manyuo, gia za mkono, yenu rahisi, swichi ya rivasi ina waya mbili, chomoa soketi unganisha hizo mbili na kipande cha waya, taa zikiwaka swichi imekufa.

Ukiufungua huo mpira njoo useme umekuta waya ngapi zimekatika, zangu zilikuwa tatu.