Mistari yangu, jina lake

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 23, nasoma chuo hapa Mbeya, kwetu ni Mafinga. Nina mchumba anayechana hip hop, anakaa Ilomba. Kwa miaka miwili mimi ndiye ninayemwandikia mistari, na hakuna anayejua. Nyimbo ni tisa. Saba nimeandika mwanzo mwisho, mbili kiitikio ni chake.*

*Wiki iliyopita alihojiwa redioni. Mtangazaji akausifia mstari huu:*

*"Tenga la nyanya Ilula lilininunulia kalamu,*
*Bibi hajui kusoma, dalali akimpunja anafahamu."*

*Akamuuliza kama kwenye "nyanya" alikusudia maana mbili. Akajibu, "Ndiyo hivyo hivyo, kaka." Kisha akaanza kumsimulia huyo bibi kana kwamba ni wa kwao. Shangazi, yule ni bibi yangu mimi! Wa kwake yuko Kyela, analima mpunga. Nilipomwambia imeniuma, akasema tukioana vyote ni vyetu, kwa hiyo nikimdai ninamdai mume wangu. Mwezi ujao anakwenda Dar kusaini mkataba na meneja. Nikidai nitaonekana namharibia. Nikinyamaza silali. Nifanyeje?*

*Mwenye kidaftari, Iyunga*

Marahaba, mwanangu. Kamwene.

Huo mstari nimeusoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, mpaka mjukuu wangu akachungulia jikoni kuona naongea na nani. Sisi tuliowahi kuishi na watu wa pwani tunajua kwao nyanya ni bibi. Kwa hiyo tenga ni la mzigo na ni la mwenye mzigo. Kijana wako hakuliona hilo, wala simlaumu kwa kutoliona. Ila mtu aliyekesha na mstari kama huo, ukimgusa hapo, hanyamazi mpaka matangazo yaingie. Huyu alijibu kwa maneno manne. Mtangazaji mwenye masikio atakuwa ameshastuka.

Nianze na karatasi, maana karatasi ndiyo yenye haraka. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kwa sheria hiyo maneno uliyoyatunga ni yako tangu siku ulipoyaandika, hata kama hukuyasajili popote. Aliyetengeneza biti ana haki yake, anayechana ana haki yake ya sauti na uchanaji, na wewe una ya maneno. Yako inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, maana yake hata wajukuu wako wataikuta. Ndani yake imo haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi. Na kuihamisha haki ya mapato kwenda kwa mtu mwingine kunataka maandishi yenye saini. "Tukioana vyote ni vyetu" ni maneno ya kitandani, mwanangu. Na mume mwenyewe yupi? Barua ya posa imeshafika Mafinga?

Sasa huyo meneja. Mikataba ya namna hii huwa na kipengele kinachomtaka msanii athibitishe kwamba kazi zote ni zake. Mchumba wako akitia saini hapo atakuwa amedanganya kwa wino, na siku ukweli ukitoka atakayebanwa ni yeye. Mwambie hivyo kabla hujarudia habari za maumivu yako. Wanaume wa umri wake husikia haraka zaidi wakitajiwa hatari yao wenyewe.

Kisha muulize swali moja dogo. Akishafika Dar, saa nane za usiku, prodyuza akamwekea biti na kumwambia "tupia vesi", atatupia nini? Wewe utakuwa umelala Iyunga.

Ninaelewa kwa nini anaficha, na hapa nitamtetea kidogo. Angekuwa mwimbaji wa nyimbo za mapenzi, kuandikiwa kusingekuwa habari. Waimbaji wanaandikiana kila siku na hakuna anayeshangaa. Kwenye hip hop mambo ni mengine, heshima yote ya mchanaji iko kwenye kwamba anachosema ni cha kwake, amekiishi na amekiandika. Sisi watu wa Mbeya tunalijua hilo kuliko wengi. Joseph Mbilinyi, Sugu, yule Mr. II wa kanda za miaka ya 1990, ni mtu wa hapa hapa, na mwaka 2010 Mbeya Mjini ikampeleka bungeni. Mimi nilikuwa na umri wa kutosha kuona vijana wakimwamini, na kwa maoni yangu walimwamini kwa sababu walishazoea kusikia kichwa chake mwenyewe kikiongea. Mchanaji akijulikana ameandikiwa, mtaani wanamcheka. Kijana wako anaogopa kuchekwa. Hofu hiyo naijua. Lakini hofu yake isiishi kwa gharama yako.

Fanya hivi. Kusanya ushahidi kabla ya kumkalisha chini: kidaftari, meseji za WhatsApp ulizomtumia mistari, sauti ulizojirekodi, vyote na tarehe zake. Piga picha kila ukurasa na uhifadhi mahali ambapo yeye hana nywila. Halafu andikeni makubaliano, wimbo kwa wimbo. Zile saba maneno ni yako. Zile mbili mgawane, kiitikio nacho ni kazi. Jina lako liingie kama mtunzi wa maneno, na mirabaha ya utunzi ielezwe inakwenda kwa nani. Mkishasaini mbele ya shahidi, ambaye asiwe rafiki yake wa studio, pelekeni nyimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, zisajiliwe. Haki unayo hata bila usajili, ila siku ya ubishi cheti kinasaidia. Na huo mkataba wa meneja usisainiwe mpaka mwanasheria ausome. Kama nauli ya Dar imepatikana, na hiyo ada itapatikana.

Akikubali haya bila kununa, mna kazi ya pamoja na huenda mna ndoa. Akinuna siku mbili, mvumilie. Akikwambia uchague kati yake na jina lako, mwanangu, hapo atakuwa ameshakuchagulia.

Kuna kitu hukukiandika. Barua nzima hujasema kama wewe mwenyewe unataka kushika maiki. Nimekitafuta katikati ya maneno sikukiona. Labda hutaki, na kuandika tu kunakutosha. Ni kazi halali, ina malipo yake. Lakini kama unanyamaza kwa kudhani kuchana ni kwa wavulana, waulize wakubwa zako kuhusu Zay B na Sister P, walichana hapa nchini wewe ukiwa bado mgongoni mwa mama.

Nimeacha la bibi mwishoni kwa sababu nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Mistari ina sheria. Bibi hana. Kijana alichukua mikono ya mwanamke asiyemjua, nyanya alizochuma na dalali aliyegombana naye, akavipeleka redioni kama vyake. Hilo COSOTA hawana fomu yake.

Basi la Dar linapita Ilula kabla halijateremka Kitonga. Panda naye siku hiyo, mshuke pale wanapouza nyanya na vitunguu kando ya barabara, mwingie kwa bibi na kilo mbili za sukari na majani ya chai ya Tukuyu. Yeye aeleze kwa kinywa chake alichosema redioni, na mstari aurudie mbele ya mwenyewe. Bibi aliyemshinda dalali bila kujua kusoma atajua namna ya kumjibu, wewe kaa pembeni unywe chai. Basi lingine litapita mchana.

Na hicho kidaftari, usikilaze tena Ilomba.

Shangazi